Sura ya Sita: Aliyetoka Pangoni

Rabi Shimon bar Yochai aliishi Galilaya katika karne ya pili, Warumi wakiwa wameishika nchi yote. Talmudi inasimulia kwamba siku moja marabi watatu walikaa wakizungumza juu ya watawala hao. Rabi Yehuda akawasifu: wamefungua masoko, wamejenga madaraja, wameweka nyumba za kuogea. Rabi Yose akanyamaza. Shimon akapinga kwa ukali. Yote hayo, alisema, wameyafanya kwa faida yao wenyewe, madaraja ili watoze ushuru na mabafu ili waistareheshe miili yao. Maneno yale yakavuja hadi serikalini, na hukumu ikatoka kwamba Shimon auawe.

Kwanza alijificha katika nyumba ya masomo pamoja na mwanawe Elazar, mkewe akiwapelekea mkate na maji kwa siri. Msako ulipozidi wakakimbilia pangoni. Humo mti wa kharubu ukaota kwa muujiza, na chemchemi ikabubujika. Ili nguo zao zisichakae walizivua, wakajifukia mchangani hadi shingoni na kusoma Torati kutwa. Saa ya sala ikifika walivaa, wakasali, kisha wakavua tena. Waliishi hivyo miaka 12, mpaka nabii Eliya aliposimama mlangoni mwa pango na kutangaza kwamba Kaisari amekufa na hukumu imefutika.

Wakatoka. Mtu wa kwanza waliyemwona alikuwa mkulima akilima na kupanda. Shimon akashangaa: yawezekanaje watu wakauacha uzima wa milele na kuhangaikia mambo ya leo na kesho? Akakasirika, na kila mahali yeye na mwanawe walipoelekeza macho pakaungua moto. Ndipo sauti ikashuka kutoka mbinguni ikiwauliza kama wametoka ili kuuharibu ulimwengu wa Mungu. Wakaamriwa warudi pangoni, wakakaa miezi 12 zaidi.

Walipotoka mara ya pili, macho ya Elazar bado yalijeruhi, lakini kila alipojeruhi mwana, baba aliponya. Ilikuwa Ijumaa, jua likizama, wakamwona mzee akikimbia na mafungu mawili ya mihadasi mikononi. Wakamuuliza ni ya nini. Akajibu ni kwa heshima ya Sabato, fungu moja kwa amri ya kuikumbuka na jingine kwa amri ya kuitunza. Kwa kumwona mzee yule wa kawaida, asiyetajwa hata jina, akikimbilia nyumbani na majani yenye harufu nzuri, mioyo yao ikatulia.

Wengi wanaoisimulia hadithi hii huishia hapo, na mimi naona wanaiacha kabla haijafika mwisho wake. Mkwe wa Shimon, Pinchas ben Yair, alikuja kumpokea akampeleka bafuni, akausugua mwili wake uliopasukapasuka kwa mchanga, huku akilia na machozi yake yakiunguza vidonda. Kisha Shimon, kwa shukrani ya kuokolewa, akauliza kama kuna kitu katika mji ambacho yeye anaweza kukitengeneza. Akaambiwa pana mahali panaposhukiwa kuwa na makaburi ya zamani, na makuhani, ambao sheria inawakataza kukaribia maiti, wanataabika kupazunguka. Shimon akachunguza ardhi, akatenga palipo safi na palipo na kaburi, watu wakapata njia.

Tazama safari ya mtu huyu. Alihukumiwa kifo kwa kudharau mabafu na madaraja. Aliponywa bafuni, na kazi yake ya kwanza baada ya miaka 13 ya kusoma na kusali ilikuwa kuwafungulia watu njia ya kupita. Talmudi haimlaumu kwa kuingia pangoni, wala haisemi kwamba miaka ile ilipotea. Inachomlaumia ni jicho alilotoka nalo mara ya kwanza. Ukuaji wa roho usiomwezesha mtu kumtazama mkulima kwa wema haujakomaa, na dawa yake inaweza kuwa kurudi ndani kwa muda.

Nimeanza na pango kwa makusudi, kwa sababu ninaandika nikiwa Kawetele, ambako pango ndilo kitu adimu. Katika mitelemko hii ya Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, nyumba zimekaa kati ya migomba na miparachichi, na mtu hawezi kupita njiani bila kusalimiwa, wala kuugua bila mlango wake kubishwa hodi. Mambo haya yana mizizi mirefu. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliandika juu ya vijiji vya marika: wavulana wa miaka kumi hivi walitoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakakua pamoja, wakala pamoja, wakaoa na kuzeeka wakiwa majirani wale wale. Kukaa vizuri na wenzako, kuongea, kucheka na kula nao, ndiko kulikohesabiwa kuwa utu. Aliyejitenga na kula peke yake alitiliwa shaka. Vijiji vile vya marika vimekwisha, lakini fikira ile haijaondoka.

Kwa hiyo hatari ya Shimon, ya kuzama katika ibada hadi kuwadharau wanaolima, si hatari kubwa ya Kawetele. Hapa mtu mwema huzidiwa na watu. Ni mwimbaji wa kwaya, mjumbe wa kamati ya shule, mweka hazina wa kikoba. Ana ada ya mtoto wa marehemu kaka yake, ana mchango wa harusi ya Jumamosi, ana mgonjwa wa kupeleka hospitali ya wilaya. Usiku anapopiga magoti hutamka maneno mawili na usingizi unamchukua. Moyoni anajiuliza swali ambalo haoni pa kulipeleka: je, ni dhambi nikifunga mlango kwa saa moja nisome Zaburi yangu?

Rungwe hakuna sinagogi. Hata hivyo vitabu vya Wayahudi vimekuwapo tangu mwaka 1891, wamisionari wa Moravian walipofungua kituo chao Rungwe na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Wamoravian wana desturi ya kitabu cha maneno ya kila siku, kilichoanza kuchapishwa Ujerumani mwaka 1731, na neno la kwanza la kila siku hutoka Agano la Kale. Musa, Isaya na Daudi ni wenyeji wa meza zetu. Tusichokijua sana ni mazungumzo ambayo Wayahudi wenyewe wamekuwa nayo juu ya maandiko hayo kwa miaka elfu mbili, katika Mishna, Talmudi na vitabu vya sheria vilivyofuata. Humo swali la yule mweka hazina wa kikoba limejadiliwa kwa vipimo, kwa majina ya watu, na kwa mabishano yasiyoogopa kubaki mabishano.

Chukua hadithi mbili za paa. Ya kwanza ni ya Hillel, aliyetoka Babeli kwenda Yerusalemu karibu na mwanzo wa enzi hii yetu. Alikuwa kibarua. Ujira wake wa siku aliugawa nusu kwa nusu: nusu kwa chakula cha nyumbani, nusu kwa bawabu wa nyumba ya masomo walikofundisha Shemaya na Avtalion. Ijumaa moja ya kipupwe hakupata kazi, na bawabu akamkatalia mlango. Hillel akapanda paani, akalala juu ya tundu la mwanga ili asikie yanayofundishwa, na theluji ikamwangukia usiku kucha. Asubuhi ya Sabato walimu wakashangaa mbona chumba kina giza, wakatazama juu wakaona umbo la mtu. Wakamteremsha, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakamkalisha karibu na moto, wakisema mtu kama huyu anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake. Sheria ya Kiyahudi iko wazi juu ya hili: kuokoa uhai kunatangulia Sabato. Mimi napenda zaidi ile hesabu ya ujira. Hillel hakuwanyima watoto chakula ili asome, wala hakusema atasoma watoto wakikua. Alikata nusu.

Paa la pili ni la Rabi Rehumi, mwanafunzi wa Rava katika mji wa Mahoza, Babeli. Alikuwa na desturi ya kurudi kwa mkewe mara moja kwa mwaka, mkesha wa Siku ya Upatanisho. Mwaka mmoja somo likamteka. Mkewe akasubiri akijiambia sasa hivi anakuja, sasa hivi anakuja. Hakuja. Mke akavunjika moyo, chozi likamtoka. Saa ile Rehumi alikuwa amekaa juu ya paa, paa likaporomoka chini yake, akafa. Talmudi haiongezi neno. Haimtetei mwanafunzi kwamba alikuwa akisoma neno la Mungu.

Baada yake, katika kurasa zile zile, inakuja habari ya Rabi Akiva, ambayo wahubiri huipenda zaidi. Alikuwa mchungaji asiye na elimu, mkewe akamhimiza aende akasome. Alikaa miaka 12 akarudi na wanafunzi 12,000. Alipofika mlangoni alimsikia mkewe akimwambia mtu kwamba kama mume wake angemsikiliza yeye, angeongeza miaka mingine 12. Akageuka bila kuingia. Aliporudi tena alikuwa na wanafunzi 24,000. Mwanamke aliyevaa kimaskini akajipenyeza akaanguka miguuni pake, wanafunzi wakamsukuma, Akiva akawazuia akawaambia kwamba elimu yake na yao yote ni mali ya huyu mama.

Sitaficha kwamba hadithi hii inanisumbua. Miaka 24 ni maisha ya mtu. Lakini waliopanga kitabu hawakuiweka peke yake: ukitaka kufika kwa Akiva lazima upite kwenye paa la Rehumi. Tofauti ya wanaume hao wawili haiko katika bidii ya kusoma. Mke wa Akiva alitaka mwenyewe, na mwisho alitajwa mbele ya watu kuwa mwenye mali. Mke wa Rehumi alisubiri tu. Kila anayejitenga ili akue kiroho, awe mwanakwaya anayekwenda semina ya wiki nzima au mzee wa kanisa anayefunga siku nyingi, kuna mtu anayeubeba mzigo wake nyumbani. Swali la haki ni kama mtu huyo ameulizwa.

Jambo hili lilimshughulisha sana Israel Salanter, rabi wa Lithuania wa karne ya 19, aliyeanzisha mwamko wa kuwafundisha Wayahudi kuichunguza tabia yao kama walivyoichunguza Talmudi. Husimuliwa kwamba akiwa mgeni katika nyumba fulani alinawa mikono kabla ya kula kwa maji kidogo kabisa, kiasi kile tu sheria inachodai, ingawa wachaji hupenda kumwaga mengi. Alipoulizwa akasema maji hayo huchotwa na mtumishi wa kike mbali, kwenye baridi, naye hataki kuwa mcha Mungu kwa mabega ya binti yule. Sisi wa Rungwe mvua tunayo karibu mwaka mzima, lakini vilima vyetu ni vikali, na aliyewahi kupanda na ndoo kichwani toka mtoni atamwelewa rabi huyo bila kufafanuliwa.

Hadi hapa nimesema juu ya anayejitenga. Sasa nirudi kwa yule anayetoa hadi anakauka, kwa sababu yeye ndiye jirani yangu.

Katika karne ya pili, baada ya vita vya Bar Kokhba vya mwaka 132 hadi 135 kuiacha nchi magofu, marabi walikusanyika Usha, mji mdogo wa Galilaya. Ungetarajia kwamba wakati wa njaa na wajane wengi wangeamuru kila mtu atoe bila kikomo. Badala yake waliweka dari: anayetoa kwa wingi asizidishe sehemu ya tano ya mali yake. Sababu waliyoitoa ni nyepesi, asije naye akawa mhitaji wa kusaidiwa. Karne kumi baadaye Musa bin Maimun, ambaye Ulaya humwita Maimonides, aliipanga sheria hiyo katika kitabu chake kikuu cha sheria. Sehemu ya kumi ni utoaji wa wastani, sehemu ya tano ni upeo, na hata maskini anayeishi kwa sadaka anapaswa kutoa kidogo kwa mwingine. Kisha akaorodhesha ngazi nane za sadaka. Ya juu kabisa ni kumshika mtu kabla hajaanguka, kwa mkopo, kwa ushirika wa biashara au kwa kumpa kazi.

Dari hilo ni neno kubwa kwa mtu wa Kawetele. Linamwambia mweka hazina wetu kwamba kuna mahali ambapo kusema hapana ni kutii sheria. Asihesabu kila mara upya kwa hisia, akimwonea haya huyu na kumwogopa yule. Akate kiasi chake mwanzo wa mwaka, wakati kahawa au parachichi limelipwa, na kilichobaki kikitafutwa aseme kimeisha.

Lakini Maimonides huyo huyo hakuishi chini ya dari la muda wake, na hilo linanifanya nimpende zaidi. Alizaliwa Córdoba, akafika Misri, akakaa Fustat. Miaka ya mwanzo alilishwa na mdogo wake David, mfanyabiashara wa vito, ili yeye asome na kuandika. David akazama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii inayopiga Kilwa na Unguja, na mali ikazama naye. Akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliugua kitandani takriban mwaka mzima kwa huzuni. Alipoinuka aligeuka kuwa mganga ili aitunze nyumba. Mwaka 1199 alimwandikia Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akikitafsiri kitabu chake na kutaka kuja kumtembelea, akimweleza siku yake ilivyo: asubuhi Kairo kwenye ikulu, mchana kurudi Fustat akiwa na njaa, kuukuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo. Anawaomba wamsubiri ale kidogo, mlo wake pekee wa siku, kisha anawatibu hadi usiku, akiwaandikia dawa huku amelala chali kwa uchovu. Hakuna Myahudi anayepata nafasi ya kuzungumza naye kwa utulivu ila siku ya Sabato.

Sabato ndiyo iliyomwokoa. Hiyo siku moja jumuiya ilimjia, wakasoma pamoja, akapanga nao mambo ya wiki. Torati haikuiachia kila mtu achague atapumzika lini. Iliweka siku, ikaifunga juu ya bwana na mtumwa, mgeni na punda, wote kwa saa moja. Mtu anayependwa na watu hawezi kujifungia peke yake, kwa sababu watu watabisha. Anaweza kupumzika tu mahali ambapo kila mtu amekubali kutobisha.

Siyo lazima tuwatafute Wayahudi Misri ya kale. Wako Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya Mlima Elgon, kwenye vilima vya kahawa na migomba ambavyo mtu wa Tukuyu angevitambua haraka. Wanajiita Abayudaya, na idadi yao ni takriban watu 2,000. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda, kisha akahisi wamemdhulumu. Kwanza alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Alivyozidi kuisoma Torati akaona tohara imeamriwa, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe. Akajitenga na siasa, akatunga kitabu cha mafundisho, akaishi na wafuasi wake pale kilimani hadi alipofariki mwaka 1928. Yeye naye, kwa namna fulani, aliingia pangoni.

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971 aliwageukia. Masinagogi yalifungwa, ibada ikapigwa marufuku, wengi wakabadili dini kwa kuogopa, wakabaki mamia machache waliosali kwa kujificha. Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ile ile Wayahudi duniani kote walianza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani. Mtanzania anayeisoma habari hii ana haki ya kutulia hapo kidogo. Wako wazee wetu waliotembea kwa miguu hadi kule.

Kati ya vijana walioifufua jumuiya ile baada ya Amin ni Gershom Sizomu. Sinagogi lilikuwa changa, watoto hawana shule ya uhakika, malaria inaua. Kwa hesabu ya Kawetele, kijana kama huyo haondoki. Sizomu aliondoka. Mwaka 2003 alikwenda Los Angeles kusomea urabi, akarudi mwaka 2008 akiwa rabi kamili. Mwaka 2010 jumuiya yake, kwa msaada wa marafiki wa Marekani, ilifungua kituo cha afya Mbale kinachotibu Wayahudi, Wakristo na Waislamu bila kubagua, na shule zao nazo huwapokea watoto wa dini zote. Wajukuu wa kiroho wa mtu aliyepitia kwa wakataa dawa wamejenga zahanati. Mwaka 2016 Sizomu alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, ambako Wayahudi ni wachache mno kumpa mtu kiti, kwa hiyo kura zilitoka kwa majirani.

Ndugu yake J.J. Keki alifuata njia nyingine. Alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona majengo yakianguka. Aliporudi alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba wakulima wa kahawa wa dini tatu waunde ushirika mmoja, na mwaka 2004 ukaanza kwa jina la Mirembe Kawomera. Keki hakuwaomba Waislamu waache Ijumaa wala Wakristo Jumapili, wala yeye hakuiacha Sabato yake. Waliokuwa wakiuza kahawa mmoja mmoja kwa bei ya mchuuzi wakauza pamoja. Hiyo ndiyo ile ngazi ya juu kabisa ya Maimonides, na wakulima wetu wa kahawa na chai hawahitaji kuelezwa thamani yake.

Limebaki jambo moja ambalo Kawetele hulihisi kuliko yote, nalo ni msiba. Kukitokea kifo, jembe linawekwa chini. Siku zinapita watu wakiwa chini ya turubai, na kwa mji wenye watu wengi hutokea wiki ambayo mtu hakukanyaga shamba lake wala hakupata dakika ya kuwa na Mungu wake. Anayebaki nyumbani anasemwa. Tunafanya vizuri kuzika. Wayahudi pia huliweka jambo hili juu sana, kiasi kwamba hata kuhani mkuu, aliyekatazwa kumgusa maiti hata wa baba yake, akimkuta njiani mfu asiye na wa kumzika analazimika kumzika yeye mwenyewe. Masomo ya Torati nayo husimamishwa ili kumsindikiza mfu.

Sasa sikiliza habari ya Rabi Hamnuna. Alifika mji uitwao Darumata, akasikia baragumu ya kifo, na hapo hapo akawaona watu wakiendelea na kazi zao. Akawaka, akataka watengwe na jumuiya: je, hakuna maiti mjini? Wakamjibu kwamba mji umejigawa katika vikundi, kila kikundi kina zamu yake ya kuzika. Hamnuna akatulia, akasema ikiwa hivyo wanaruhusiwa. Hakuwauliza kama wana huzuni ya kutosha. Alitaka kujua kama mfu ana watu, na alipojua anao, aliwaachia wengine siku yao.

Vikundi hivyo viliendelea hadi nyakati zetu. Kile cha Praha kilianzishwa mwaka 1564, na kila jumuiya ya Kiyahudi iliyokamilika ina chake. Wanachama huosha maiti kwa maji safi, wakisoma maneno ya maandiko wanapoosha, hawapitishi kitu juu ya mwili wake, na mwisho humwita kwa jina na kumwomba msamaha ikiwa hawakumtendea kwa heshima. Kwa mtu anayefanya hivyo ni vigumu kusema hapa nimesaidia na hapa nimesali. Ni wema usio na matumaini ya kulipwa, kwa sababu aliyefanyiwa hawezi kurudisha.

Sisi tunavyo vyama vya kufa na kuzikana, lakini kazi yao kubwa imekuwa kukusanya fedha, na wote bado tunatakiwa turubaini. Ningependa mtaa mmoja wa Kawetele ujaribu njia ya Darumata: kaya zigawanywe vikundi vitatu, kila kikundi kichukue zamu ya kuchimba, kupika, kulala na wafiwa. Walio nje ya zamu waje kuzika kisha warudi nyumbani bila kusemwa, na wiki ya tatu au ya nne, wakati wafiwa wameachwa peke yao, wao ndio wawe na zamu ya kuwatembelea. Wazee wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa makanisa wakilitangaza pamoja, hakuna atakayeitwa mchoyo. Vikundi vya Kiyahudi pia vina siku yao kila mwaka, katika jumuiya nyingi tarehe 7 ya mwezi wa Adari, inayokumbukwa kuwa siku aliyokufa Musa. Wanachama hufunga, huenda makaburini kuwaomba msamaha waliowazika mwaka ule, na jua likizama huandaliwa karamu, wakala na kunywa pamoja na kuchagua viongozi wa mwaka unaokuja.